Bunju Niliyemfugia Ami

Nilimsikia kabla sijamwona. Kra, kra, kra: sauti kavu, ya taratibu, kama ya bibi mzee anayekata popoo kwa mkasi wake huku mawazo yake yako mbali. Maji yalikuwa yamekupwa Mbaraki, nami nilikuwa nimeteremka chini ya gati saa ya chakula cha mchana nipate kula mkate wangu kivulini. Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na bibi wala popoo. Palikuwa na bati kuukuu lililolala juu ya miamba, na chini ya bati dimbwi lililobakiwa na maji ya kuloweka shati moja, na ndani ya dimbwi alikuwamo bunju, anasaga meno peke yake.

Nilipoliinua bati alijijaza. Alivuta maji, akavuta na hewa, tumbo likafura likawa jeupe na la duara, vijimiba vikasimama, hata akawa kama mpira ulioshikwa na ghadhabu. Jicho lake moja lilinitazama mimi. La pili lilikuwa likiitazama bahari, iliyokuwa hatua ishirini tu kutoka pale na asiweze kuifikia.

Kila mtoto wa Mombasa amjua bunju. Mvuvi akimkuta mtegoni humtupa mchangani, na paka humnusa akaenda zake. Ini lake laua. Tulipokuwa wadogo tulimrushia mawe ili tuone atafura mpaka wapi. Siku ile sikuokota jiwe. Nilichutama pale mpaka kengele ya kazi ikalia, nikiutazama mgongo wake wa kijani wenye madoa ya manjano, na furaha mbaya ikanipanda kidogo kidogo kutoka miguuni, kama maji yanavyojaa. Nilikuwa nimekipata kitu cha kumpa ami.

Sharti niseme ami yangu alikuwa mtu wa namna gani, na sitamwonea haya.

Kwetu, mtu akikisifu kitu chako bila kusema Mashallah, kitu kile kimeshapigwa jicho. Kitavunjika, kitaungua, kitakufa. Basi wazee walikuwa na njia yao: mgeni wa heshima akikisifu kitu namna hiyo, mwenyeji humpa. "Chako, bwana." Mgeni mwenye adabu hukataa, huapa, hukataa tena, husema Mashallah mara tatu, mkacheka, mkanywa kahawa, na kitu kikabaki mahali pake. Ndivyo mchezo ulivyo na watu wote waujua. Ami alicheza nusu tu ya mchezo huo. Hakuwa akikataa.

Alikuwa mkubwa wa baba kwa miaka saba. Alikuwa na duka la viungo karibu na soko la Marikiti, na nyumba ya ghorofa yenye mfereji wa maji ya bomba ndani. Baba alikuwa akisomesha watoto Kurani chuoni, mtaani kwetu Kuze, mtu mpole, ambaye neno "hapana" mbele ya kaka yake lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kila Ijumaa baada ya sala ami alikuja kwetu kunywa kahawa, na macho yake yakawa yanatembea ukutani kama mjusi. Saa ya ukutani ilitoka hivyo. Ukatoka mrashi wa fedha wa kunyunyizia maji ya waridi, wa harusi ya mama. Zikatoka sahani mbili za buluu ambazo mama aliachiwa na mamake.

Halafu ikaja Ijumaa ya cherehani.

Ilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni, na kwayo mama alishona kanzu na mabuibui ya mtaa mzima. Baba alipokuwa akilipwa kwa dua na shukrani, kilichoiweka sufuria jikoni ni cherehani ile.

"Cherehani nzuri hii," ami akasema, akiupapasa ubavu wake kama mtu anayenunua punda. "Yaenda kama maji. Wallahi, nzuri."

Tukangoja. Mama alikuwa amesimama penye pazia la jikoni, uzi kati ya meno. Nilimwona anamtazama baba. Baba alikuwa anaitazama kahawa yake.

"Sema Mashallah, ami," nikasema mimi.

"Ala! Siku hizi watoto ndio watufunzao dini." Akacheka, akampiga baba begani. "Msikize mwanao, yakhe! Mimi nimeisifu tu."

Na baba, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino: "Ni yako, kaka."

"Aa, nyinyi mwanishinda kwa ukarimu," ami akasema, na papo hapo akamwita hamali aliyekuwa akipita njiani.

Mke wa ami hakujua hata kutunga uzi kwenye sindano. Cherehani iliwekwa sebuleni kwake, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kikawekwa chombo cha maua ya karatasi. Mama akaanza kushona kwa mkono. Kanzu aliyokuwa akiimaliza kwa siku moja sasa ilimchukua siku nne, na watu wakaanza kupeleka vitambaa vyao kwingine. Alikuwa akijidunga, ananyonya kidole haraka damu isije ikatia doa kitambaa cheupe, kisha anaendelea. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake, kimya kimya, kwa miezi mitatu, njiani kwenda Mbaraki nilikokuwa karani wa kuhesabu magunia, na njiani kurudi. Sikutaka ami augue wala aanguke ngazini. Nilitaka asifu kitu kitakachofia mikononi mwake mbele za watu, ili Kuze nzima ijue jicho ni la nani.

Ndipo nikamsikia bunju.

Nilimpeleka nyumbani ndani ya debe la mafuta ya taa, nimelifunga nyuma ya baiskeli ya karani mwenzangu, Mkristo kutoka bara, aliyeniazima bila kuniuliza neno mpaka alipochungulia ndani.

"Bwana, huyu ni samaki au ni mkuu wa bohari yetu?"

"Ni samaki."

"Mashavu ni yale yale," akasema.

Mama alipoona nilichobeba alirudi nyuma hatua mbili. "Bunju? Wataka kutuua?"

"Si wa kula, mama. Wa kutazama."

"Wa kutazama! Kuze yote hii umekosa watu wa kutazama?" Lakini alinipa pipa la mbao lililokatwa nusu, alilokuwa akilowekea nguo, nikamweka humo uani wakati nikitafuta nyumba yake ya kweli. Maana ilinibidi kumjengea nyumba ya kupendeza. Bunju ndani ya pipa hasifiwi na mtu.

Katika uchochoro wa nyuma alikaa fundi wa bati, Muhindi Mwislamu ambaye babu yake ndiye aliyekuja kutoka Kachi. Yeye mwenyewe bara Hindi aliijua kwa hadithi tu. Alitengeneza taa, makarai na masanduku ya safari.

"Wataka sanduku la kioo," akasema. "La halua?"

"La samaki."

"Samaki akishakaangwa huwekwa kwenye sinia, bwana mdogo."

"Samaki hai, fundi."

Aliweka nyundo chini. Akanitazama, akautazama uchochoro kama anayetafuta shahidi. "Haya. Nimetengeneza taa za meli za Wazungu vita vizima. Nyumba ya samaki ndiyo itakayonishinda?"

Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na vioo vilikuwa bado adimu. Tulivipata kwenye kabati la duka lililovunjwa, vioo vinne vinene vyenye ukungu pembeni, na fundi akavifungia ndani ya fremu ya bati aliyoipinda pembe kwa pembe. Kazi ya kuziba nyufa ndiyo iliyotukosesha. Sisi watu wa pwani tukitaka kitu kisiingie maji twajua dawa moja, shahamu iliyokandwa na chokaa, ile wapakayo vyombo vya baharini chini. Fundi akapaka, nami nikasaidia, tukajisifu. Nikajaza maji ya bahari, nikatia vidagaa viwili vya kujaribia. Kufikia alasiri maji yalikuwa meupe kama tui, na vidagaa vimeelea.

"Jahazi hukaa majini," fundi akasema, akijikuna ndevu. "Hapa maji ndiyo yakaayo ndani ya jahazi. Tumeifanya kazi kinyume."

Tukakwangua yote. Mara ya pili tulichemsha lami mpaka ikawa nzito, tukaipaka kwa kijiti, tukaiacha ikauke siku kumi. Baada ya hapo nikawa ninatia maji na kuyamwaga, ninatia na kuyamwaga, kila siku, mpaka ule utando wa rangi rangi unaokaa juu ya maji yaliyoguswa na lami ukatoweka. Niliuosha mchanga maji saba. Niliokota mawe yenye matundu, makombe, na tawi la marijani lililokufa, jeupe. Maji yenyewe niliyachota baada ya sala ya alfajiri, madebe mawili kwenye mzegazega, kutoka ufukweni mpaka kwetu, na ngazi za kupandia mjini zikanifundisha mabega yangu yana mifupa mingapi.

Karani mwenzangu ndiye aliyenifunza habari ya hewa. Nilimweleza kwamba bunju hupanda juu akitwetea. Akafikiri. Siku ya pili akaniletea mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, umetiwa viraka vingi. Tukaujaza kwa pampu, tukafunga kwenye ulimi wake wa kutilia upepo mrija mwembamba wa mwanzi, tukaukaza kwa uzi mpaka hewa ikawa inatoka kidogo kidogo chini ya maji, tone tone, kama tasbihi inayovutwa. Kuujaza mara moja kulitosha kwa saa nzima. Nilipokuwa kazini, mama ndiye aliyekuwa akipiga pampu.

Nilimtia bunju nyumbani mwake asubuhi moja ya mawingu. Alizama mpaka chini, akajificha nyuma ya jiwe, akatoa jicho moja. Kisha akatoka. Sijui nieleze vipi jinsi alivyokwenda. Samaki wengine husukuma maji kwa mwili. Yeye mwili aliuacha umetulia kama mtu aliyekaa kitini, mapezi madogo tu ndiyo yaliyotetemeka, akaenda mbele, akarudi nyuma, akapanda, akasimama. Mwangaza wa dirisha la kaskazini ukapita ndani ya maji ukamwangukia mgongoni, na yale madoa ya manjano yakawaka. Baba aliacha kitabu chake akaja kusimama nyuma yangu. "Mashallah," akasema. "Mashallah. Tabaraka Allah." Alikuwa anamkinga.

Nilimlisha konokono na vikaa vyenye magamba, kwa sababu meno yake hayaachi kukua, na asipopata kitu kigumu cha kuvunja yatamziba mdomo afe na njaa. Siku ya kwanza niliupeleka mkono mbele ya konokono, akaniuma, na kovu liko kwenye kidole changu cha shahada mpaka leo. Baada ya mwezi alinijua. Nikiingia sebuleni alikuja mbio kwenye kioo, akipanda na kushuka, na mapezi yakimpepea kama mtoto aliyesikia baba yake amerudi sokoni. Watu wengine aliwakodolea tu.

Nilimpenda. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndio ubaya wenyewe: nilimpenda, na nilikuwa nikimlea ili afe.

Mama alijua. Jioni moja alinikuta nikimsafishia kioo.

"Na ami yako akimsifu?" akaniuliza.

Nikaendelea kusugua.

"Haya," akasema mama, na akaketi kushona.

Ami akaja Ijumaa kama kawaida. Ijumaa zilizotangulia nilikuwa nikilifunika tangi kwa shuka mpaka aondoke; safari hii nilikuwa nimeliondolea shuka na kukiweka kiti chake mkabala nalo, na tangu asubuhi sikumlisha bunju ili awe mchangamfu. Ami hakuwahi hata kukigusa kikombe.

"Lo! Na hiki nini?" Akainuka. Akapeleka kidole kwenye kioo, na bunju mwenye njaa akakifuata kidole, juu, chini, kushoto. "Anifuata! Tazameni, anijua! Lo, sultani mwenyewe hana kitu kama hiki. Kizuri hiki, wallahi. Kizuri!"

Nilihesabu moyoni mpaka kumi, nimpe nafasi ya neno moja. Hakulisema.

"Ni wako, kaka," baba akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yamelowa. Hilo sikulitarajia. Lakini miguu yangu ilikuwa imekwisha kwenda. Mimi mwenyewe ndiye niliyekimbia kuwaita mahamali.

Walikuja wanne na mkokoteni wao. Walijaribu kuliinua tangi, wakaguna.

"Mwageni maji hayo," ami akaamrisha. "Yanuka pwani. Kwangu mna mfereji."

Bunju akatiwa ndani ya debe pamoja na maji kidogo, na maji mengine yote, yale niliyoyabeba ngazi kwa ngazi, wakayamwaga mtaroni. Nilisimama kando. Nilikuwa nimejiwekea ahadi: akiniuliza, nitamwambia. Akiniuliza maji gani, yabadilishwe lini, hewa yatoka wapi, nitamwambia yote, na nitamwacha bunju aishi, na kisasi changu kife.

"Hula nini?" ami akauliza.

"Konokono."

"Basi," akasema, na akaufunua mwavuli wake. Nilipoinua macho nilimwona mama nyuma ya mbao za dirisha. Alikuwa amesikia kila neno. Naye hakusema kitu.

Ami aliwaalika watu siku ya pili yake waje waone. Habari nilizipata kwa kinyozi, asubuhi ya siku iyo hiyo. Jirani yake ami alikuwa amekaa kitini, povu mpaka masikioni.

"Samaki wa mzee amelala ubavu tangu jana," akasema. "Mkewe asema waliomtoa ndio waliomtia jicho. Yule mke wa mdogo wake, asema, ana kijicho, hakumtoa kwa moyo safi."

Kinyozi alinitazama kwenye kioo. Wembe ukasimama hewani.

"Saa yetu ilisimama kwake," nikasema. Sauti yangu ilikuwa tulivu kuliko nilivyotarajia. "Sahani zetu zilipasuka kwake. Sasa samaki. Vyote alivisifu ami mwenyewe, na Mashallah hakuisema hata mara moja. Jicho ni la nani?"

Kinyozi na jirani wakatazamana. Saa ilisimama kwa sababu hakuna aliyeitia ufunguo, na sahani ziliangushwa na paka, nililijua hilo. Nikatoka nikiwa mwepesi kama niliyetua madebe.

Mambo yaliyofuata ami aliyafanya kwa mikono yake. Kwa kuwa aliamini bunju amepigwa jicho, alimwendea mwalimu mmoja akaandikiwa kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi. Sisi hunywa maji hayo tukiugua. Ami akayamimina yote ndani ya tangi, juu ya yale maji matamu ya mfereji yaliyokuwa yakimuua mnyonge yule pole pole. Wageni walipofika, maji yalikuwa ya manjano, yananukia kama harusi, na bunju amefura mara yake ya mwisho, anaelea tumbo juu.

Kisha akagundua alichojifanyia. Maji yenye aya hayamwagwi mtaroni watu wakayakanyaga. Hayamwagwi chooni. Hayamwagwi popote isipokuwa mahali safi, na mahali safi pa kutosha tangi zima ni bahari. Kwa siku mbili hakuthubutu, akitumai pengine wazo jingine litamjia. Siku ya tatu, kwa harufu ya waridi na uvundo vilivyochanganyika, mkewe alimwambia achague kati yake na tangi. Basi mahamali wanne wakalibeba katikati ya Kuze, saa nne ya asubuhi, na ami mbele yao na mwavuli, "Pisheni! Pisheni!", maji ya manjano yakicheza na bunju akigonga vioo, huku na huku.

Hakuna aliyekosa kutazama. Wanawake waliwavuta watoto kutoka barazani wakawafunika nyuso. Muuza halua aliinamia sinia lake kwa kifua. Kijana mmoja akapiga kelele kutoka dirishani: "Ami, nakuomba usinisifu, nina harusi wiki ijayo!" Mtaa mzima ukacheka, nami nikacheka kuliko wote.

Tangu siku hiyo nikawa nikienda kazini kwa njia ya mbali inayopita Marikiti, kwa ajili tu ya kutazama. Ami akipita, wauza maembe walivuta magunia juu ya vikapu. Wenye watoto wachanga walivuka upande wa pili. Wanunuzi walisimama nje ya duka lake, wakakumbuka shughuli nyingine, wakaondoka. Alianza kukonda. Ijumaa hakuja tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikula vizuri na kulala vizuri, na mama alikuwa bado anashona kwa mkono.

Alikuja asubuhi moja ambayo si Ijumaa. Nyuma yake hamali amebeba cherehani, haina kitambaa wala maua ya karatasi. Ikawekwa katikati ya sebule.

"Sabalkheri," ami akasema. Baba akaitikia, akamkaribisha kiti. Hakukaa. Alinikabili mimi.

"Mvuvi mmoja ameniambia bunju wa bahari hakai maji ya mfereji hata siku moja. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza, ami. Wewe huulizi. Wewe husifu."

Baba akatamka jina la Mungu. Nililiona koo la ami, jinsi lilivyokuwa jembamba. "Haya. Mmeshinda. Cherehani hii hapa. Sasa enda kwa kinyozi ukalifute lile neno. Uwaambie ni maji."

Nililokuwa nikilitaka kwa miezi yote ile lilikuwa miguuni pangu, na maua yake ya dhahabu. Na nikaona kwamba sikulitaka tena kuliko nilivyotaka kumwona akipita Marikiti kesho, na kesho kutwa, na vikapu vikifunikwa.

"Rudi nayo," nikasema.

"Mwanangu!" baba akalia.

Mama alikuwa ameshapiga magoti. Alizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. Likakwaruza, likakwama, likaenda. Akapuliza vumbi. Akaipitisha ncha ya ushungi wake mahali pa sindano, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Shemeji," akasema bila kuinua macho, "iache hapo."

"Na lile neno?"

"Nitalifuta mimi. Wanawake hawamsikilizi kinyozi." Akainuka, akachukua buibui lake lililotundikwa msumarini.

Nilimzuilia njia. "Mama, hawa ndio waliosema una kijicho! Waache nao wasemwe na mji!"

"Walisema." Alikuwa anajifunga ushungi, vidole vyake vyenye matundu vikienda haraka. "Wewe kisasi chako umekilipiza, mwanangu, na umekifurahia, nimekuona. Mimi nataka cherehani yangu. Ilikaa kwake miezi mingapi? Ameipapasa kwa mkono wake, ameisifu kwa mdomo wake. Ukishawaambia watu ana jicho, ni nani atakayevaa kanzu iliyoshonwa nayo? Nani ataniletea kitambaa cha harusi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika hesabu zangu zote, za vioo na lami na hewa na konokono, hilo halikuwamo.

"Utawaambia nini?" nikauliza.

"Nitawaambia kweli. Ni maji. Mwanangu alijua akanyamaza, na mimi nilikuwa dirishani, nikanyamaza pia."

"Watakusema."

"Waniseme nikiwa mbele ya cherehani yangu. Nipishe."

Ami alikuwa ametazama chini. Baba alikuwa amejifunika uso kwa viganja viwili. Sikutaka kumpisha, nasema kweli, hata wakati ule sikutaka, na moyo wangu ulikuwa ukisaga. Lakini alisimama mbele yangu, mfupi, mweusi ndani ya buibui lake, hapaazi sauti, hasogei, mpaka mimi nikasogea. Akapita. Akavaa viatu vyake kizingitini, akatoka uchochoroni kwenye jua, na mlango akauvuta mwenyewe nyuma yake, kwa nguvu.